Sketi ya Kwanza

Na Mwalimu wa Hisabati

Mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike makala ya Hisabati, akitumaini nitaandika juu ya pembetatu au juu ya mtihani wa Novemba. Nilimjibu kwamba nitaandika juu ya sketi. Alicheka, na labda baadhi yenu mnacheka pia. Lakini kila mwezi wa Januari, katika wilaya zetu hizi mbili za Kasulu na Kibondo, wako wazazi wasiocheka hata kidogo. Husimama mbele ya duka, karatasi ya maelekezo ya kujiunga mkononi na binti ubavuni, wasijue wachukue sketi ipi. Mimi nimewaona miaka mingi wakichagua vibaya, na nimewaona walimu, nami nikiwa mmoja wao, tukiwasaidia kuchagua vibaya.

Nayasema maoni yangu mapema, ili asiyependa kuendelea aende zake kwenye ukurasa wa michezo. Sketi ya kwanza ya sekondari yafaa kuchaguliwa kwa kitambaa kilichofichwa ndani yake, wala si kwa kile kinachoonekana nje. Na mpaka sketi hiyo ipatikane, msichana na asome kwa sketi aliyo nayo.

Jambo hili sikulijua chuoni. Marehemu mama yangu alikuwa fundi cherehani hapa Kasulu, akishona barazani kwa mashine ya kukanyaga kwa miguu, na mimi nilikua chini ya meza yake nikiokota vipande vya nguo na sindano zilizoanguka. Mtu alipomletea sketi ya dukani aipunguze kiuno, mama hakuitazama kama wengine wanavyoitazama. Aliipindua ndani nje mara moja, akapima pindo la chini kwa kidole gumba, kisha akafungua rinda moja kwa kucha aone kina chake. Mara nyingi alisikitika tu, akairudisha. “Hii haina kitu ndani,” alisema. Mwenye sketi alishangaa, maana yeye aliiona nzuri, imenyooka, yang'aa.

Siku moja mfanya biashara wa mitumba alifungua belo jirani na baraza letu, na ndani yake ikatokea sketi nzito ya sufu, ya miraba myekundu na kijani, marinda yamejaa nyuma tupu, na ubavuni mikanda midogo ya ngozi ya kufungia. Wanawake waliokuwapo waliipitisha mkono kwa mkono wasijue ni ya nani, maana ilikuwa nzito kuliko blanketi la mtoto. Mama aliinunua kwa bei ndogo kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Jioni aliifumua ili ajifunze, akaitandaza barazani, ikawa ndefu toka mlango hata mlango, zaidi ya yadi 7. Tulistaajabu nguo nyingi namna ile ilivyoweza kukaa katika kiuno kimoja.

Baadaye nilipokuwa chuoni nilifahamu kwamba ile haikuwa sketi ya mwanamke hata kidogo. Ni vazi la wanaume wa Uskoti, nchi ya Livingstone aliyefika Ujiji, na nchi ambako Mwalimu Nyerere alisoma katika chuo kikuu cha Edinburgh toka mwaka 1949 mpaka 1952. Bila shaka aliliona vazi hilo njiani mara nyingi. Wenyewe huliita kilti. Kilti nzuri hula yadi kama 8 za sufu, na sehemu kubwa ya sufu hiyo imelala ndani ya marinda. Mwenye kilti akinenepa, fundi hupunguza kina cha marinda na nguo hupanuka. Mtu huweza kuvaa kilti moja toka ujana wake hata uzee. Kwa hiyo Mskoti achaguaye kilti yake ya kwanza hushauriwa asiharakie rangi, bali aulize kwanza sufu ni yadi ngapi. Vilevile niliposoma habari za watu hao niliona kwamba baada ya maasi ya mwaka 1745 serikali ya Uingereza ilitunga sheria mwaka 1746 ya kuwakataza wanaume wa milimani wasivae vazi hilo, na aliyekamatwa nalo mara ya kwanza alifungwa miezi 6. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Nilipoisoma habari hiyo niliona ajabu kwamba mtu afungwe kwa sababu ya sketi. Ajabu hiyo nitairudia, maana mimi mwenyewe si mbali na mambo kama hayo.

Sasa tuje kwenye Hisabati, ili mhariri asiseme nimemdanganya. Tumchukue msichana wa miaka 13 au 14 anayeingia kidato cha kwanza, nyonga zake sentimeta 80 na kiuno chake sentimeta 62. Rinda kamili hula nguo mara tatu: sehemu moja inaonekana, moja inarudi ndani, na moja inatoka tena kwenda kulikuta rinda la jirani. Basi nyonga za sentimeta 80 zataka nguo ya sentimeta 240. Kitambaa cha sare kwa kawaida kina upana wa sentimeta 150. Fundi hukata vipande viwili na kuviunga, apate sentimeta 300. Toa 240, toa 12 za nafasi ya kuketi na kupiga hatua, toa kidogo za mishono, hubaki sentimeta kama 40 hivi. Fundi mwizi atazikata hizo 40 na kujiwekea. Fundi mwema atazikunja ubavuni, karibu na zipu, chini ya mkanda wa kiuno, zikae zikingoje. Msichana huyu akifika kidato cha nne, nyonga zake zikiwa 92, fundi atafungua mkunjo ule na kuongeza marinda matatu ya sentimeta 4 kila moja, ambayo hula sentimeta 36. Nguo ipo, wala duka halihitajiki. Tazameni tena hesabu ya kiuno: tofauti ya nyonga na kiuno ni sentimeta 18, marinda yakiwa 20, kila rinda hufinywa juu chini ya sentimeta 1, na jicho haliwezi kuona.

Urefu nao ni hivyo hivyo. Toka kiuno hata chini ya goti ni kama sentimeta 60. Weka pindo la sentimeta 12, weka 2 za kuingia katika mkanda, zinakuwa 74. Mara mbili ni 148. Ongeza kipande cha mkanda, basi sketi nzima imekula mita moja na sentimeta 60, au niseme mita mbili ili pabaki kiraka. Pindo lile la sentimeta 12 ndilo akiba ya miaka minne. Kila Januari hushushwa kidogo.

Sasa ipindueni sketi ya dukani. Nyingi katika hizo zimekatwa katika upana mmoja tu, sentimeta 150. Toa 80 za nyonga, hubaki 70 za kugawana marinda 20, yaani kila rinda limepewa sentimeta 3 na nusu, na kina chake ni nusu ya hapo. Hilo si rinda, ni alama ya rinda iliyopigwa pasi. Pindo la chini ni sentimeta 2. Sketi nzima imekula robo tatu ya mita. Nusu ya nguo, wala bei yake si nusu. Ndiyo maana mama alisema haina kitu ndani.

Nimesikia wazazi wakisema, “Mwalimu, ya dukani ni rahisi na iko tayari.” Siwalaumu. Barua ya kuchaguliwa huja, siku za kuripoti ni chache, maharage ya msimu wa kwanza hayajatoka shambani au yametoka na bei imeanguka, na fundi naye mwezi huo ana foleni ya watu hamsini. Lakini mzazi akinunua sketi tatu nyembamba katika miaka minne, amelipa zaidi ya yule aliyeshonesha moja nzuri. Sketi nyembamba vilevile haimfai mtoto wa huku. Wanafunzi wetu wa kutwa hawaletwi kwa magari. Hutembea, tena mwendo mrefu, huruka mitaro ya mvua, hupita katika majani yenye umande, na wengine hupanda baiskeli. Jaribu kupanda baiskeli kwa sketi isiyo na nguo ndani: ama itapanda juu ya mapaja, ama itachanika ubavuni. Marinda hayakuwekwa kwa ajili ya urembo, yaliwekwa ili mguu upate nafasi. Na liko jambo jingine ambalo kina baba husita kulitaja, nami nitalitaja kwa adabu: msichana ana siku zake kila mwezi, na katika siku hizo sketi pana, nzito, ya rangi ya giza, humpa amani ya moyo ya kusimama ubaoni kujibu swali. Ile nyembamba humfanya akae kimya nyuma hata kama jibu analijua. Mimi nimefundisha madarasa ya wasichana, najua ninalosema.

Wale wanaovaa sketi ndefu na ushungi wataongeza nguo ya urefu tu. Hesabu ya marinda ni ile ile.

Kuhusu kitambaa, nitasema yale niliyoyaona kwa mama. Kwanza, usinunue kitambaa ndani ya duka lenye giza. Omba kitolewe nje juani. Kikunje ngumini, hesabu mpaka kumi, kifungue: kikibaki na makunyanzi kama uso wa bibi, ni pamba tupu, nacho kitachuja upesi na marinda hayatasimama. Kisipokunjamana hata kidogo, kinateleza na kung'aa, ni nailoni au ndugu yake, nacho huchoma joto mchana, huyeyuka chini ya pasi ya mkaa, na cheche moja ya jikoni hutoboa tundu. Kinachofaa ni mchanganyiko wa hizo mbili, ule ambao watu wengi huuita tetroni. Kisugue kati ya viganja. Kikitoa unga mweupe, unene wake ni wa wanga tu, utaondoka siku ya kwanza ya kufua. Kisha lowesha pembe kwa mate, usugue katika leso nyeupe. Rangi ikitoka, kiache, maana blauzi ya binti yako ni nyeupe na mvua za Kasulu na Kibondo hazina huruma. Hasa rangi ile ya damu ya mzee, ambayo shule nyingi huipenda, huchuja vibaya sana kama kitambaa ni cha ovyo. Kwa vumbi letu jekundu nayo si rangi mbaya, nakiri; buluu nyeusi huonyesha kila punje ya vumbi.

Tena nendeni na binti mwenyewe. Nimeona kina baba wakinunua sketi kwa kukadiria, eti binti ni kiasi cha mtoto wa jirani. Fundi ampime yeye, amwambie aketi, ainame, anyanyue goti. Na binti asione haya kusema inabana. Kama mama yupo, au shangazi, ni bora yeye aende, kwa kuwa wako mabinti wasioweza kumwambia baba neno hilo.

Nguo katika nchi yetu ya Uha haijapata kuwa kitu kidogo. Wazee wa zamani walivaa ngozi na nguo za magome ya miti yaliyopondwa mpaka yakalainika, na kuipata moja kulikuwa kazi ya siku nyingi. Stanley alipopita Uha mwaka 1871 kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone, watawala wa hapa walimtoza hongo kwa doti za nguo, kila mahali doti nyingine, hata akaona mali yake itakwisha, akaondoka usiku kwa siri na kupita maporini. Kwa hiyo mzee wa leo akikuna kichwa kwa sababu ya mita mbili za tetroni, msimwone bahili.

Sasa nitaeleza lile nililosema nitalirudia. Sikulisema miaka mingi, nalo ndilo lililonifanya nikatae pembetatu.

Nilianza kazi katika wilaya ya Kibondo, katika shule ambayo sitaitaja, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Nilikuwa kijana, nimevaa viatu vipya, nimepewa zamu ya getini siku ya kuripoti kidato cha kwanza. Maelekezo yalisema sketi mbili za marinda, rangi ya damu ya mzee, chini ya goti. Asubuhi akaja mzee mmoja na baiskeli, sanduku la bati limefungwa nyuma, na binti yake anatembea kando. Walikuwa wametoka nyumbani kabla ya jua. Mzee alivua kofia, akasema, “Mwakeye, Mwalimu.” Alikuwa mkubwa kuliko baba yangu, nami nikamwitikia kama karani. Binti alikuwa amevaa sketi yake ya shule ya msingi, ya buluu. Pindo lilikuwa limeshushwa mara mbili. Mistari miwili ya zamani ilionekana, mmoja juu ya mwingine, na ilikuwa imepigwa pasi kwa uangalifu mkubwa hata marinda yamesimama kama mistari ya daftari. Mtoto wa fundi kama mimi nilipaswa kuisoma sketi ile. Ilikuwa ikisema: nyumbani kwetu yuko mtu anayejali. Mimi nikasoma rangi tu. Nikawaambia warudi, waje na sare.

Mzee hakubishana. Aligeuza baiskeli.

Walirudi baada ya siku 19. Najua kwa kuwa nilikuja kuhesabu katika daftari la mahudhurio. Binti alikuwa na sketi ya dukani, moja badala ya mbili, inang'aa, marinda ya pasi. Siku zile 19 nilikuwa nimefundisha sehemu na desimali, mambo ambayo kila kitu cha kidato cha kwanza husimama juu yake. Hakuyapata tena vizuri. Kwa kuwa sketi ilikuwa moja, aliifua Jumamosi, na mvua ikinyesha aliikausha juu ya moto, Jumatatu ikanuka moshi na wenzake wakaziba pua. Kufikia Juni mwaka uliofuata ilikuwa imepanda juu ya magoti, na pindo lilikuwa sentimeta 2, hakuna cha kushusha. Mwalimu mmoja alimwadhibu kwa kuvaa sketi fupi. Sitamtaja mwalimu huyo kwa jina, lakini alikuwa na viatu vilivyoanza kuchakaa na alikuwa mtoto wa fundi cherehani.

Mtihani wa kidato cha pili hakuufaulu, akaambiwa arudie, na katika mwaka wa kurudia hakuonekana tena. Sisemi kwamba sketi ndiyo iliyomtoa shuleni. Mambo ni mengi katika maisha ya binti, na wako waliokuja na sketi nzuri wakashindwa. Lakini zile siku 19 nilizichukua mimi, na hakuna aliyenituma. Maelekezo yalisema sare iwe namna gani. Hayakusema mtoto arudishwe.

Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada ya shule za serikali imeondolewa mpaka kidato cha nne. Jambo hilo ni jema sana, lakini sare imebaki juu ya mzazi, na kwa wengi ndiyo imekuwa ada yenyewe. Viongozi wa serikali wametamka mara nyingi kwamba mtoto asizuiwe kuanza masomo kwa kukosa sare. Walimu tunasikia, tunaitikia, kisha getini tunatafuta maneno mengine: “Mwache aingie, lakini akae nje kwanza”, “Aingie, lakini asimame mbele ya mstarini.” Huko siko kumwingiza. Wako wenzangu watakaosema kwamba tukilegeza sare, nidhamu itakwisha. Nawaheshimu, na mimi mwenyewe napenda kuona mstari wa asubuhi wenye rangi moja. Sare ina faida kubwa: huficha nani ana na nani hana. Lakini ikiwa yule asiye nayo tunamsimamisha mbele ya watu, basi imegeuka na kumwonyesha, na hapo sioni faida yake ni nini.

Kwa hiyo ningeomba shule yetu ifanye mambo mawili matatu. Maelekezo yetu ya kujiunga yaseme wazi kwamba muhula wa kwanza sketi ya shule ya msingi inakubaliwa. Muhula huo ungempa mzazi nafasi ya kuuza mazao yake kwa utaratibu, na fundi nafasi ya kushona kwa moyo. Maelekezo hayo yaseme aina ya kitambaa, rangi na pindo la sentimeta 12, wala yasiseme duka. Mafundi tunao, hapa Kasulu na kule Kibondo, na vyuo vya maendeleo ya wananchi viko katika miji yote miwili. Hakuna sababu ya kuagiza mbali marinda ya pasi. Tena iwekwe kasha katika stoo ya shule. Wasichana wa kidato cha nne wakimaliza mtihani wao wa Novemba, wengi huzichanachana sketi zao au huziandika kwa kalamu majina ya marafiki. Mimi naona uchungu nikiona hivyo, maana sketi iliyoshonwa vizuri, hata ikiwa na miaka minne, bado ina nguo ya kutosha kumvalisha mtoto wa kidato cha kwanza kwa kuirudisha pindo na kuficha marinda matatu. Andikeni majina kwenye madaftari. Sketi mtuachie.

Na ninyi mlioko kidato cha pili na cha tatu, nina neno dogo kwenu. Najua habari ya kupandisha sketi kwa kuikunja kiunoni mkishapita geti, nami sitatoa hotuba, kwa kuwa ukiikunja waweza kuikunjua. Lakini msikate pindo. Mwaka jana msichana mmoja alikuja kwangu akilia, kwa kuwa alikata pindo lake katika kidato cha kwanza ili afanane na wenzake, na sasa hana cha kushusha. Nilimwuliza alikiweka wapi kile kipande. Alisema alitengenezea kitambaa cha kufutia ubao. Tena mkiona mtoto wa kidato cha kwanza amevaa sketi iliyo kubwa, inampwaya na kufika karibu na soksi, msimcheke na kumwita mama mkwe. Hiyo ndiyo sketi ya akili katika mstari mzima.

Kuitunza si kazi kubwa. Kabla ya kufua, shika marinda kwa uzi mrefu wa kutunga, mishono mikubwa, juu na chini. Sketi ikikauka marinda yatakuwa mahali pake. Ianike ikiwa imepinduliwa, jua lisiile rangi ya nje. Pasi ya mkaa ipite juu ya kitambaa chenye unyevu, wala isiguse tetroni. Pindo likishushwa, ule mstari wa zamani hautoki wote, hasa kwa kuwa nguo iliyokuwa imefichwa ina rangi iliyokolea kuliko iliyopigwa na jua. Usihangaike nao. Mimi siku hizi nikiuona mstari huo getini, huwa nasalimia kwanza.

Mashine ya mama ninayo. Iko katika nyumba ya walimu, ya tatu kutoka kisimani, na mkanda wake nimeubadilisha likizo iliyopita. Jumamosi mchana sina vipindi. Mwenye pindo la kushusha alete sketi ikiwa imefuliwa, na uzi wa rangi yake, maana uzi wangu ni mweusi na mweupe tu.